Nimekulia Temeke, hiyo asili nitaitoa wapi?

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 23, nachora tangu shule ya msingi na sasa nauza picha mbili tatu kwa mwezi. Nachora simba, tembo, Wamasai, akina mama wenye mitungi. Mwezi uliopita nilimpelekea kazi zangu mtu mmoja anayeandaa maonyesho. Akasema nina mkono mzuri ila picha zangu hazina mtu ndani, niende nikatafute msukumo kwenye asili na jamii yangu kama walivyofanya akina Tingatinga mchoraji na Wamakonde wachongaji. Tangu siku hiyo nakaa chumbani usiku nachora na kufuta, sijamaliza hata picha moja. Mimi nimezaliwa na kukulia Temeke, Dar es Salaam. Wazazi wangu ni watu wa Newala, Mtwara, nako nimefika mara mbili, zote misibani. Simba nimemwona kwenye simu. Je, nirudi kijijini nikaishi? Niache rangi nijifunze kuchonga? Na nikichora mambo ya unyago na mapiko ninayoyasikia kwa bibi, ambaye sasa tunaishi naye, nitakuwa naiba? Usingizi sipati, na kila nikichora kichwa kinaniuma."

Marahaba, mwanangu. Nitaanza na sentensi yako ya mwisho kwa sababu hiyo haiwezi kungoja. Hukusema unatumia rangi gani, lakini wanaochora simba na tembo mjini kwetu wengi hutumia rangi ya mafuta, ile ya kupakia milango, pamoja na thina. Kama ndivyo, na unafanya kazi usiku chumbani huku madirisha yamefungwa kwa kuogopa mbu, basi kabla hujayalaumu mawazo, laumu mvuke wa thina. Hamishia kazi uani au barazani. Funika kopo kila ukishachovya. Usilale chumba kimoja na picha mbichi, wala usiwashe jiko au mshumaa karibu nayo. Na kwa kuwa baadhi ya rangi za mafuta zimewahi kukutwa na madini ya risasi, usipige msasa rangi iliyokauka ndani ya nyumba yenye watoto. Ukikaa wiki nzima kwenye hewa safi na kichwa bado kinauma, au ukiona kizunguzungu na kichefuchefu, nenda kituo cha afya ukamweleze daktari kwamba unafanya kazi na thina. Wachoraji wengi hawasemi, na daktari asiyeambiwa atapima malaria kwanza.

Sasa tuje kwenye neno lililokukosesha usingizi. Umeambiwa ukatafute msukumo kwenye asili na jamii, na naona umelisikia hivi: asili ni mbuga, jamii ni kijiji, wasanii wakubwa walikwenda huko wakachota, na wewe mtoto wa Temeke huna kata wala kisima. Ningelisikia hivyo ningekwama pia. Huyo aliyekuambia huenda hakukosea kuhusu picha zako. Sijaziona, lakini simba wa kwenye simu namjua, nimemsahihisha darasani miaka mingi. Alipokosea ni kwenye mifano. Tingatinga na wachongaji wa Kimakonde hawakupata kazi zao kwa njia anayodhani, na ukiijua njia waliyopita utaona kwamba wewe hauko mbali nayo.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru, kusini kabisa mwa nchi. Aliondoka akiwa kijana, akafanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga, kisha akaja Dar es Salaam. Hapa alikuwa mtunza bustani, mtumishi wa nyumbani, mtu wa vibarua vya hapa na pale. Alianza kuchora mwaka 1968, mjini, akiwa na umri wa miaka 36 hivi, na mwaka 1972 akapigwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu. Hesabu mwenyewe: kazi yote ile ni ya miaka kama minne. Mtindo tunaowauzia wageni kama sauti ya kale ya Afrika ni mdogo kwa umri kuliko bibi yako, na aliyeuanzisha alikuwa ameishi mbali na kijiji chao miaka zaidi ya kumi. Wapo wanaouhusisha na picha ambazo watu wa kusini walikuwa wakichora kwenye kuta za udongo za nyumba zao, na mimi nakubaliana nao kiasi. Lakini ukuta aliuacha Tunduru. Alichokuja nacho mjini ni kumbukumbu ya ukuta.

Tazama pia alichokuwa nacho mkononi, maana hapa ndipo vitabu vingi hupita haraka. Alikuwa na vipande vya hadibodi vya mraba, kila upande kama sentimita 60, yaani bidhaa ya ujenzi, na rangi inayong'aa ya kupakia baiskeli. Rangi hiyo ina tabia yake. Zile za mafuta za wachoraji wa Ulaya hukaa mbichi siku nyingi, zikakuruhusu kulainisha kivuli pole pole mpaka shavu lionekane la duara. Ya baiskeli haina subira hiyo. Inashika, inakauka kwa juu, na ukiigusa ikiwa haijakaa sawa unachafua ubao. Kwa hiyo unapaka uwanja wa nyuma kwa rangi moja au mbili, unasubiri. Unamweka mnyama mzima kwa rangi moja, unasubiri. Ndipo unaweka mstari wa ukingo, kisha nukta, kisha nukta juu ya nukta. Lile umbo bapa, ule ukingo mkali na yale madoadoa, vitu ambavyo leo mtu akiviona tu anasema hii ni tingatinga, nusu yake ni tabia ya rangi. Anayemtazama yule chui akadhani ameliona pori, ameliona kweli, ila ameliona kupitia kopo.

Tena palikuwa na mnunuzi. Picha zile ziliuzwa nje ya Morogoro Stores, Oysterbay, mahali ambapo wageni waliokuwa wakiishi mjini walifika kununua mahitaji yao. Mkewe ndiye aliyezisimamia pale. Ubao mdogo wa mraba unaingia kwenye sanduku la msafiri. Ukuta wa udongo hauingii. Silisemi hili kumshusha. Nalisema kwa sababu nimechoka kusikia vijana wakijilaumu kwa kuuza.

Wamakonde nao wamepakwa rangi ya ukale kuliko inavyostahili. Kuchonga kwao ni kwa zamani kweli. Wana hadithi ya mtu wa kwanza aliyekuwa peke yake duniani, akachonga umbo la mwanamke, akalisimamisha, na kulipokucha akamkuta mtu mzima, akawa mkewe. Jamii inayojieleza kwamba imezaliwa na kinyago si jamii iliyojifunza kazi hii kwa watalii. Na mapiko, ambavyo ni vinyago vya kuvaliwa kichwani wakati wa ngoma za jando na unyago, vilichongwa kwa mti mwepesi kwa ajili ya wenyewe kwa wenyewe. Lakini yale mashetani ya mpingo yenye jicho moja na mguu uliogeuka mkono, pamoja na zile nguzo za watu waliopandana mabegani, ni mambo ya mwishoni mwa miaka ya 1950, yaliyozuka huku Tanganyika mikononi mwa wachongaji waliohama kutoka uwanda wa Mueda, Msumbiji. Samaki Likankoa ndiye anayetajwa kwa shetani. Roberto Yakobo Sangwani anatajwa kwa nguzo, ambayo mwanzoni iliitwa dimoongo, na husimuliwa kwamba ya kwanza ilimwonyesha mshindi wa mieleka aliyebebwa na wenzake. Jina la ujamaa lilikuja kushika baadaye, siasa ya Ujamaa ilipokuwa kwenye kila mdomo. Mfanyabiashara wa vinyago wa Dar es Salaam, Mohamed Peera, alikuwa akiwanunulia na kuwatia moyo wajaribu mambo mapya.

Hapa napo uliza mti. Mpingo ni mzito, ukiutupa majini unazama. Kiini chake ni cheusi, sehemu inayokizunguka ni nyeupe ya manjano kidogo, unakua taratibu mno, na shina lake mara nyingi limejipinda, lina mifereji na matundu. Nilipokuwa kijana nilikaa miezi kadhaa kwenye kibanda cha mchongaji mmoja pale Mwenge, nikimfagilia na kumnolea patasi. Asubuhi nyingine alikuwa akiligeuza gogo, analisimamisha, analilaza, anakunywa chai, analigeuza tena, mpaka adhuhuri hajalitia tezo. Moyoni nikasema huyu mzee mvivu. Baadaye nikaelewa kwamba alikuwa akitafuta namna ya kulikubali tundu. Gogo lenye kovu ubavuni halitakubali kuwa mama amesimama wima na mtungi kichwani, ila litakubali kuwa kiumbe mwenye tumbo wazi. Shetani, kwa sehemu yake, ni jibu la mchongaji kwa ubishi wa mti. Hiyo nayo ni asili, tena iliyo karibu kuliko tembo yeyote: nyuzi za mti zinazokataa patasi yako.

Kwa hiyo ukiniuliza msukumo unatoka wapi, nitakuambia kwanza neno lenyewe linatupoteza. Linatufanya tungoje kitu kije kitusukume mgongoni. Ninavyoona mimi, mambo yanakwenda hivi. Mtu ametazama kitu kwa muda mrefu bila kujua kwamba anakitazama, kwa sababu alikuwa akifua, au akichunga, au akisubiri gari. Kisha anatengana nacho, kwa safari au kwa miaka. Kumbukumbu inachekecha: inaangusha mengi, inabakiza machache, na hayo machache inayakuza kupita kiasi. Jicho la yule ndege linakuwa kubwa kuliko mguu wake. Ndipo anapokutana na rangi au mti wenye masharti yake, na watu wanaomsimamia begani wakisema "hapo umeongopa" au "huyo ni mjomba kabisa!" Picha inatokea kwenye msuguano huo. Simu inaua hatua ya pili. Ukimchora simba huku picha yake iko mezani, hakuna kilichochekechwa, na ndiyo maana simba wako, wa jirani yako na wa kijana aliyeko Arusha ni simba yuleyule.

Sam Ntiro ni mfano ninaoupenda kwa jambo hili. Alizaliwa mwaka 1923 Kilimanjaro, akasoma Makerere, akaenda kusoma chuo cha sanaa cha Slade, London, baadaye akawa balozi wa nchi yetu hukohuko Uingereza. Msomi na mwanadiplomasia, lakini kwenye picha zake alikuwa akirudi kwenye migomba: watu wanavuna, wanajenga, wanachinja. Picha yake ya mwaka 1956 ya wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku imo kwenye jumba la makumbusho la Museum of Modern Art, New York. Watu wake ni wadogo na wengi, kila mtu yuko kazini, na huoni mmoja aliyejitenga awe shujaa. Mchoraji aliyesimama Machame, hukohuko Kilimanjaro, na kunakili kilicho mbele yake angeweka sura za watu. Ntiro aliweka namna watu wa mlimani wanavyofanya jambo kwa pamoja, na hilo halionekani kwa kutazama mara moja.

Nimetaja jamii, na hapo kwenye mitungi yako pana tatizo kubwa kuliko kwenye simba. Lini mara ya mwisho umemwona mama Temeke amebeba mtungi wa udongo kichwani? Umeona ndoo ya plastiki ya lita ishirini, umeona madumu ya njano yamepangwa kwenye mkokoteni. Ule mtungi umeuchora kwa sababu mnunuzi anaujua, na mnunuzi anaujua kwa sababu mchoraji mwingine aliuchora. Tunazungushana. Sikukatazi kuula mkate wako hapo, maana kodi ya nyumba haingoji mtindo ukomae, lakini usiite hiyo jamii yako.

Jamii yako ni turubai la msiba lililofunga njia, na wanaume wameketi upande mmoja wanaongea mpira kwa sauti ya chini. Ni mdundiko wa Kizaramo unapokatiza mitaa na watoto wanaufuata mpaka wanapotea, wanatangazwa msikitini. Ni kikao cha kuvunja kikoba. Ni maandishi ya nyuma ya bajaji. Itazame kanga aliyojifunga bibi yako: ina pindo, ina mji, ina jina, na hilo jina ndilo linaloigeuza nguo kuwa mazungumzo. Aliyeibuni hakujua itamsema nani. Mvaaji ndiye anayekamilisha kazi, siku anapokatiza nayo mbele ya mlango wa mtu fulani. Na lile ua la korosho lililojaa kwenye kanga nyingi ni nakshi iliyokuja na vitambaa kutoka Bara Hindi. Watu wa pwani walipoliona wakasema hii si ni korosho, na korosho ikawa. Mkorosho wenyewe uliletwa na Wareno kutoka Brazili. Leo nani atamwambia mtu wa Newala kwamba korosho si asili yake?

Ndiyo sababu nakuambia usimdharau kunguru. Wale weusi wenye shingo ya kijivu wanaotuibia dagaa kwenye soko la samaki la Feri waliletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi miaka ya 1890, wakaenea pwani yote. Ni wageni, ni waharibifu, wanafukuza ndege wengine, na unawajua kuliko utakavyomjua simba maisha yako yote. Unajua kunguru anavyotembea kama mdaiwa anayejifanya hajakuona. Sijawahi kuletewa na mwanafunzi hata picha moja nzuri ya kunguru, na nimewaomba miaka na miaka. Nenda Feri asubuhi, bila simu mkononi, tazama saa nzima usichore chochote. Rudi nyumbani, subiri kesho yake, ndipo uchore. Fanya hivyo wiki tatu. Michoro ya mwanzo itakuwa mibaya, na siku fulani utagundua kwamba kila mara mkono wako unakosea mahali palepale: mdomo unazidi, au bega linapanda. Usilisahihishe kosa hilo haraka. Linaweza kuwa ndiyo njia yako ya kuona.

Sasa kuhusu kurudi Newala ukaishi. Nenda, ila usiende kwa wazo la kuokota mada. Nimeona vijana wakienda kijijini wiki mbili na kurudi na picha zilezile za mtungi, safari hii zikiwa na vumbi jekundu. Ukienda, nenda na kazi ya kufanya, msimu wa korosho kwa mfano, uokote na kukausha na ndugu zako mpaka utomvu wa maganda ukuchubue vidole. Uchovu hufundisha macho. Kama huna nauli wala nafasi, usijione umepungukiwa. Tingatinga mwenyewe hakurudi kijijini ili achore.

Kuchonga je? Ungekuwa na miaka 15 ningesema jaribu. Kwa sasa naona unataka kubadili chombo kwa sababu umekwama, na mti utakukwamisha vilevile, tena kwa gharama zaidi. Mpingo mzuri ni adimu siku hizi, uvunaji wake unahitaji kibali cha mamlaka ya misitu, na tangu mwaka 2017 jamii yake yote ya miti imo kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo kuupeleka nje ya nchi kuna taratibu za kuulizia kwanza. Unga wake unawasha ngozi na kukera mapafu. Kama unapenda kujaribu mti, kaa na fundi mwezi mmoja umtazame anavyofikiri, halafu urudi kwenye rangi zako. Hutapoteza kitu. George Lilanga, Mmakonde wa Masasi, alianza kwa kuchonga, akaingia Nyumba ya Sanaa hapa Dar es Salaam kwa kazi ya ulinzi, kisha mashetani yake yakahama kutoka kwenye mti hadi kwenye rangi. Huko yakapata masikio makubwa na nguo za maua, yakaanza kuishi kama wapangaji wa nyumba moja: yanapika, yanagombana, yanabembeleza watoto. Hayo hakuyatoa porini.

Hukuuliza kuhusu kunakili, ila naliona swali hilo limejificha kwenye barua yako. Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, ndiye aliyechora kuta za kanisa la Murang'a, Kenya, kazi iliyokamilika mwaka 1959, akamfanya Yesu kuwa mtu mweusi na kumweka katikati ya vilima vya hukohuko. Alipofungua jumba la sanaa la Paa ya Paa, Nairobi, mwaka 1965, aliweka onyo lililokuja kujulikana sana: usinakili, kunakili kunamlaza Mungu usingizi. Naliheshimu onyo hilo, lakini sikubaliani nalo moja kwa moja. Wanafunzi wa Tingatinga walijifunza kwa kumwiga mwalimu wao, nukta kwa nukta, na kazi yao ikaendelea baada ya kifo chake mpaka wakawa na ushirika wao, uliosajiliwa mwaka 1990. Kwenye karakana zetu kuiga ndiyo shule. Mtoto hujifunza kusuka ukili kwa kufuatisha vidole vya shangazi, hakuna anayemwambia kwamba anaiba. Nionavyo mimi, kuiga ni halali mpaka siku unapojua kazi itatokeaje kabla hujaianza. Ikifika siku hiyo na ukaendelea, unafanya biashara, na ni biashara halali. Usidanganyike tu kwamba bado unajifunza.

Kisheria pia mambo yako hivyo kwa kiasi. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda kazi mahususi, hailindi mtindo. Hakuna mwenye nukta. Ukichora mnyama wako kwa umbo bapa na madoadoa hujamwibia mtu. Ukichukua picha ya mwenzako na kuitoa vilevile kwa jina lako, umeiba, hata kama umebadili rangi ya jua. Ukiona kazi yako imechapwa kwenye fulana bila ruhusa, usigombane mtandaoni, peleka shauri lako COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ukiwa na ushahidi wa lini uliichora. Jijengee tabia ya kuandika tarehe nyuma ya ubao na kupiga picha kazi ikiwa katikati.

Unyago na mapiko nimeviacha nyuma kwa sababu hapo siwezi kukujibu peke yangu. Kuna mambo hadharani na kuna mambo ya ndani. Ngoma iliyotoka uwanjani watu wote wakaitazama, ichore. Lakini mafunzo ya mwali ndani ya nyumba, nyimbo zake, na vinyago vya udongo vinavyotumika kumfundishia, hivyo vina wenyewe, na wenyewe ni wanawake waliopitia. Mapiko nayo yalikuwa na siri yake: asiyechezwa jando hakutakiwa kujua ni nani aliye chini ya kinyago. Wengine watakuambia siku hizi yote yako kwenye video, siri gani tena. Mimi nasema kwamba mtu mwingine kuacha mlango wazi hakukupi wewe ruhusa ya kuingia na viatu. Ukitaka kuyatumia kibiashara mambo ya jadi kwa upana, sheria ile ina sehemu yake inayohusu sanaa za jadi, hivyo pita BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, uulize. Ila BASATA si mahali pa kuanzia.

Pa kuanzia ni nyumbani kwenu, na ndiyo maana nilitabasamu niliposoma kwamba bibi mnaishi naye. Unatafuta nauli ya Newala, na Newala imelala chumba cha pili. Kaa naye jioni akiwa anachambua mchele, daftari uliache ndani. Usimhoji kama mtu wa takwimu. Muulize maji walikuwa wakiyafuata wapi, maana kule juu ya uwanda maji yalikuwa shida kubwa, na mtu aliyefuata maji kwa miguu yake hasahau njia. Muulize nani aliyekuwa akichonga kijijini na alilipwa nini. Akifika kwenye mambo ya unyago akanyamaza, au akasema hayo si ya wanaume, heshimu hapo. Ukimya wake nao unaweza kuuchora: mlango uliofungwa, kanga iliyotandikwa mlangoni, sauti zinazotoka ndani na mtoto wa kiume aliyefukuzwa uani. Picha hiyo ni yako halali, kwa sababu huyo mtoto ni wewe.

Ukishakuwa na michoro kama thelathini, ya kunguru na ya bibi, mibaya na mizuri pamoja, ichukue yote umpelekee mtu wa kuitazama ana kwa ana. Usitume picha za simu. Kwenye simu kila kazi inaonekana imekamilika. Nenda kwa mchoraji aliyekuzidi miaka, pale kwenye ushirika wa Tingatinga Oysterbay au Mwenge, au kwa mwalimu wa chuo cha sanaa cha Bagamoyo, umwombe akuambie ni wapi mkono wako unarudia kosa lile lile. Na ikiwa usingizi hautarudi hata baada ya kuhamia uani, ukajikuta huli, hutaki watu, kila kitu kinaonekana bure, usimpelekee mchoraji jambo hilo. Mwambie mzazi au bibi, kisha uende hospitali umwone daktari.